Zako Tia Maji

Karakana, 2 Machi

Mama,

Shikamoo. Barua hii nimeipitisha chini ya mlango kwa sababu nikikutazama usoni sitaweza kusema. Nimepata kazi kiwandani. Ni kazi ya kudumu, na mashine zao zinajiendesha zenyewe, mtu unabonyeza tu. Mke wangu kasema nikiikataa hii nisirudi nyumbani.

Mzee yuko hospitali na mimi ndiyo kwanza nakimbia. Najua watu watanisema mpaka wachoke. Zile shafti sita za pampu za idara ya maji ziko pale ukutani, sijagusa hata moja, na zinatakiwa tarehe 25 Aprili. Tuli zote, vile visu vya mashine ya kukerezea, nimekuachia kwenye kopo la rangi. Hazina makali. Ufunguo wa taya za mashine, zile zinazoshika chuma, unaning'inia kwenye ule msumari nyuma ya mlango, palepale nilipotundikia shati langu miaka minane mkanipa jina.

Mwambie mzee wewe. Mimi siwezi.

Msumari

*

Karakana, 6 Machi

Fundi wangu,

Macho yanasemaje? Usiniandikie "naendelea vizuri", maana hivyohivyo ulimwandikia marehemu mama yangu siku ulipovunjika mguu. Niambie kama kile kichembe cha chuma wamekitoa chote, na kama jicho la kushoto limeacha kumlilia mwenzake.

Huku hatujambo. Msumari anachapa kazi kwelikweli. Akiamka tu yuko karakana, hata chai anainywea kwenye mashine. Siku hizi huwezi kumtofautisha na watu wa nyumba hii.

Ana swali moja tu. Tuli zimeisha makali. Anasema kunoa alikuwa anakuachia wewe, na sasa anaona haya kukuuliza. Nimemwambia asiyejua maana haambiwi maana, akacheka, lakini bado hajui. Basi mweleze kwa maneno mepesi, kama vile unamweleza mtu ambaye hajawahi kushika tuli maishani mwake. Akili yake imechoka, maskini.

Ulinikataza kuja huko, ukasema mlango wa karakana usifungwe hata siku moja. Haujafungwa.

Mkeo,
Shoto

*

Wodi ya Macho, kitanda namba saba, 15 Machi

Shoto wangu,

Mwandiko huu mzuri usikutie wivu. Mkono wangu wa kulia wanauchoma sindano kila siku mpaka umevimba, kwa hiyo ananiandikia jirani yangu wa kitanda namba nane. Alikuwa karani wa mahakama miaka thelathini. Anasubiri kutolewa mtoto wa jicho. Jicho lake la pili linaona hadi pini iliyoanguka chini ya kitanda cha mwenzake. Barua zako ananisomea yeye, kwa hiyo maneno ya chumbani yaweke akiba.

Macho yanaendelea vizuri.

Nimemshangaa Msumari. Miaka minane amesimama pembeni yangu akitazama nini? Lakini basi, ngoja nimfundishe. Amimine kopo lote juu ya meza. Zimo tuli za aina mbili, zinafanana kama mapacha. Awashe jiwe la kunolea, avae miwani ya kazi (avae, mwambie mimi nimesema, siku ile yangu ilikuwa mfukoni), kisha aguse kila tuli kidogo kwenye jiwe na atazame cheche. Ikitoa cheche nyeupe, ndefu, zinazopasukapasuka, hiyo niliikata kutoka kwenye tupa kuukuu. Ni chuma cha kawaida. Kikishika joto la kazi kinalegea, kinasahau ukali wake wote. Aiweke kando. Ikitoa cheche chache, fupi, za wekundu uliofifia, kama hazitaki kuonwa, hiyo ndiyo haispidi. Ubavuni ina herufi tatu, H.S.S. Wasomi watakwambia ni Kizungu. Fundi aliyenifunza kazi aliniambia maana yake ni Hasira Si Sifa, na mpaka leo sijaona sababu ya kumbishia. Chuma kile wamekichanganya na madini yanayokifundisha kuvumilia. Unakikimbiza kwenye kazi mpaka ncha inakuwa nyekundu, na bado kinakata.

Maranda ya chuma yakitoka rangi ya majani makavu, mwendo ni mzuri. Yakitoka bluu, anakimbiza mno, apunguze.

Sasa sikiliza jambo lenyewe. Kuna mtu alikuja wodini kumwona nduguye, tukazungumza, anatafuta mashine kama yetu. Nimemwambia aje huko tarehe 28 Aprili na lori. Idara ya maji ikizikubali shafti zote sita, atarudi na lori tupu. Ikikataa hata moja, abebe mashine. Mashine isiyo na mkono ni chuma chakavu. Usibishe.

La mwisho kuhusu tuli. Haispidi ikigeuka bluu kwenye jiwe, hata ikiwa nyekundu, asitishike. Yule wa ng'ambo ya barabara zake zilimvunjikia zote kwa uzembe, na leo kafunga karakana. Zako tia maji.

Mumeo,
Fundi
(kwa mkono wa Karani, kitanda namba nane)

*

Karakana, 24 Machi

Fundi,

Tumetia maji. Sasa nataka kujua tulikukosea nini.

Cheche zilikuwa kama ulivyosema, na nikwambie ukweli, nilifurahi kama aliyeonyeshwa siri. Kati ya tuli tano, mbili zilirusha nyota nyeupe hadi mlangoni. Tatu zikatoa zile nyekundu za aibu. Tukaziweka mbili kando, tukanoa ya kwanza ya haispidi. Ikawa bluu, hatukutishika. Ikawa nyekundu, hatukutishika. Nikaitumbukiza kwenye ndoo, yaani nilimwona akiitumbukiza, ikasema tssss, ikatoka safi, inang'aa. Tukafanya hivyohivyo ya pili. Nikasema kumbe ni kama visu vya jikoni tu, na maji ni yaleyale.

Kwenye shafti ya kwanza haikumaliza hata dakika. Ncha ilimeguka kama jino bovu. Tukafunga ya pili, nayo ikameguka. Shafti imekwaruzika lakini haikuharibika, mkwaruzo utaondoka. Sasa imebaki haispidi moja, na Msumari anaiogopa kama yai.

Nimekufungia ile ya kwanza ndani ya kipande cha shuka. Itazame uniambie kosa ni la nani.

Na huyo mtu wa lori. Mashine hii tuliisukuma wawili ilipoingia mlangoni, wewe nyuma, mimi mbele, na kidole changu gumba bado kina alama. Uliniuliza lini?

Shoto

*

Wodi ya Macho, 3 Aprili

Shoto wangu,

Nimecheka mpaka muuguzi akaja kunishika paji la uso. Halafu nikakasirika. Halafu nikakumbuka herufi tatu, nikatulia.

Nilisema: mwenzako akinyolewa, zako tia maji! Kwamba yaliyompata yule wa ng'ambo yawe funzo kwetu. Ni methali, mke wangu. Nani alikwambia uchukue ndoo?

(Mimi mwandishi naomba nafasi hapa. Nusu ya kwanza niliiacha mimi. Mahakamani shahidi akianza methali tulikuwa tunaandika mwisho wake tu, kwa sababu mwanzo kila mtu anaujua. Wengine hutia chumvi kwenye maneno ya watu. Mimi nilipunguza, na nimewavunjia tuli mbili. Nisamehe sana, mama. Karani.)

Basi kosa ni la mwandishi, la msemaji na la msomaji, tugawane. Maji ni ya chuma cha kawaida, kile cha tupa, na cha visu vyako vya jikoni. Hicho unakipoza kila mara kisije kikalegea. Haispidi ikiwa nyekundu ukiitumbukiza, nje inajikunja ghafla na ndani bado ina moto wake. Inapasuka nyufa nyembamba kuliko unywele. Huzioni. Inaonekana nzima, halafu siku ya kazi inakuaibisha. Ukiinoa, iache juu ya meza ipoe yenyewe. Itachukua muda. Uiachie.

Tuli uliyonitumia ninayo mkononi siku ya pili. Aliyeinoa hajui kazi, lakini haliogopi jiwe, na kutoogopa hakufundishwi. Mwambie Msumari asimame upande wa pili wa jiwe, ule ambao mimi sisimami. Ashike tuli kwa mkono anaoupenda. Asiuige mkono wangu, utamsumbua bure.

Habari ya lori iko palepale.

Fundi

Mama, haya ya chini hajaniambia niandike. Mzigo wako ulipofika aliufungua, akaipapasa ile tuli kwa dole gumba, taratibu, kila uso, mara tatu au nne. Halafu akatabasamu, akaiweka chini ya mto. Sijui amecheka nini. Karani.

*

Karakana, 9 Aprili

Kwa Karani, kitanda namba nane. Apewe mkononi, yeye peke yake.

Ndugu Karani,

Tuli mbili nimekusamehe. Hii ya leo sijui.

Nimeishi na fundi huyu miaka ishirini na miwili. Akiletewa chuma kilichovunjika anakimbilia nacho mlangoni kwenye mwanga, anakigeuza, anafumba jicho moja, anakitukana. Hata mwenye jicho moja bovu angekipeleka dirishani. Wewe umeandika kwamba alikipapasa, akakiweka chini ya mto. Katika barua mbili hajauliza rangi ya kitu chochote. Na mkono unaochomwa sindano mwezi mzima kwa ajili ya jicho sijapata kuusikia.

Mume wangu anaona au haoni?

Umeandika ushahidi wa watu miaka thelathini. Sasa toa wako. Usifupishe.

Mke wa kitanda namba saba

*

Wodi ya Macho, 14 Aprili

Mama,

Sitafupisha.

Jicho la kulia walilitoa tarehe 20 Februari, kabla hujamwandikia barua ile ya kwanza niliyomsomea. La kushoto lilishika moto kwa kumfuata mwenzake. Daktari anasema jambo hilo hutokea, jicho moja likiumia sana, la pili linaugua kana kwamba ndilo lililopigwa. Leo anatofautisha dirisha na ukuta. Daktari anasema haliendi mbele zaidi ya hapo. Mkono wake hauna uvimbe wowote. Kwa mkono huohuo ananifunga drafti kila siku kwa kupapasa vizibo, na akiniona nimehamisha changu kwa hila ananikamata.

Nimeandika "akiniona". Ndivyo tunavyosema humu, samahani.

Asubuhi, kabla madaktari hawajapita, hunyoosha mkono hewani akazungusha kitu kisichokuwepo. Kidogo tu kulia, kidogo kushoto. Nilimuuliza anafanya nini. Akasema anapunguza nusu ya unywele kwenye shafti.

Anakuficha kwa sababu anasema ukijua utakuja, na ukija mlango utafungwa. Hiyo ndiyo sababu aliyonipa. Mimi nimesikiliza watu wengi wakijieleza, na naona kuna nyingine ambayo hajaitoa. Nilimwambia mficha uchi hazai. Akaniambia nihangaike na mtoto wangu wa jicho.

Wataniondolea tarehe 20. Mwandiko wangu ukiyumba utajua.

Karani

*

Karakana, 19 Aprili

Fundi wangu,

Karani, msomee polepole, neno kwa neno, na methali zote na nusu zake mbili.

Najua kuhusu macho. Usimlaumu aliyeniambia, nilimbana. Nimelia siku moja, Jumamosi, mlango ukiwa wazi kama ulivyoagiza. Mteja mmoja akaniambia vumbi la jiwe ni baya, nivae miwani. Nilikuwa nimeivaa.

Nimekukasirikia. Wiki tano unaniambia "yanaendelea vizuri" kwa mdomo wa mtu mwingine. Ningekuja kukushika mkono. Ungenifukuza, lakini ningekuwa nimekuja.

Sasa na mimi niseme langu, maana njia ya mwongo ni fupi na yangu imeishia hapa. Msumari aliondoka tarehe 2 Machi. Ni mimi. Chai inayonyweka kwenye mashine ni yangu. Uliponiandikia "zako tia maji" nilishtuka, nikasema amejua, mbona ameniambia mimi "zako"? Ndiyo maana sikuwaza methali. Niliwaza nimekamatwa, nikaamua angalau nitii.

Ile haispidi ya tatu niliinoa siku mbili. Nagusa jiwe, naiweka mezani, nafagia, narudi. Nilisimama upande ule usiosimama wewe, na mkono wangu wa shoto ukajipata nyumbani kabisa. Haijameguka. Imekereza shafti nne. Nazipima kwa maikromita yako, kile kipimo cha unene, mpaka macho yananiuma, na nikishaandika hivyo naona haya.

Shafti ya tano ililia. Tangu mwanzo mashine ilikuwa inanguruma vizuri, ghafla ikaanza kulia, na chuma kikatoka na mawimbi madogomadogo. Nilizima. Nikasimama pale nikisubiri mtu aniambie. Nilisubiri kweli, mkono kwenye swichi. Hakuna aliyeniambia. Nimekaza hiki, nimelegeza kile, kilio kimepungua lakini mawimbi yapo. Kesho naanza ya sita.

Ndani ya barua nimekufungia randa moja la chuma. Lina makali, liguse taratibu. Rangi yake ni majani makavu, naapa.

Usiiuze mashine. Sikuombi ili nikutunzie mpaka upone, najua hutapona. Naomba kwa sababu naitaka. Nimeipenda kazi hii, Fundi, na naona vibaya kuipenda wakati imekutoa macho. Lakini ndivyo ilivyo, na nimechoka kuficha vitu.

Mkeo,
Shoto

*

Wodi ya Macho, 24 Aprili

Shoto wangu,

Karani ana bandeji, kwa hiyo anaandika muuguzi wa zamu. Amekula kiapo kwamba haachi hata nukta. Barua nimempa shangazi wa mgonjwa mmoja anayepanda basi leo, ili ikufikie kabla ya tarehe 28.

Nilijua ni wewe tangu tarehe 2 Aprili, siku ya kwanza niliyoishika ile tuli. Sote tunaotumia mkono wa kulia, mikwaruzo ya jiwe inalala upande mmoja. Yako ililala upande wa pili, na uso wa tuli ukainama kidogo kufuata. Visu vyote vya jikoni kwetu vimelala hivyohivyo. Miaka ishirini na miwili najikata navyo nikimenya chungwa, leo dole gumba lisikutambue?

Nikanyamaza. Na hapa ndipo kuna ile sababu ambayo Karani ananusa. Ningekuwa nataka mkono tu, mkono ulikuwa umepatikana, ningemwandikia yule bwana siku ileile asije. Sikumwandikia. Nilianza mara mbili, nikaacha. Sharti la shafti zote sita nililiacha palepale nikijua hakuna mwanafunzi wa mwezi mmoja atakayelitimiza. Nilitaka lishindikane.

Sikutaka kurudi nyumbani nikakaa kitini nikisikia mashine inanguruma mikononi mwa mtu mwingine. Hata wako. Hasa wako. Ingekuwa haipo, ningesema mambo yamekwisha, nikazoea. Niliona bora iondoke kabla sijafika. Huo ndio uchi wenyewe, umeuona.

Randa lako limenikata kidole kidogo. Ni randa zuri. Ni refu, halikatikikatiki, na mgongo wake ni laini. Nimelizungusha kidoleni tangu jana.

Yule bwana atakuja na lori. Sasa si neno langu. Wewe ndiye uliye na mashine, mwambie utakalo, na nitakalolikuta ndilo.

Umeniuliza kuhusu shafti ya tano. Ililiaje? Kilio chembamba kama cha mluzi, au kizito cha kutetemesha meza? Kilianzia mwisho wa shafti au katikati? Kila kimoja kina dawa yake, na siwezi kukipimia kwenye karatasi. Kilio hakiandikiki.

Mumeo,
Fundi

*

Karakana, 29 Aprili

Fundi,

Idara ya maji walikuja tarehe 25 na maikromita yao na mtu mmoja mwenye kalamu sikioni. Wamezichukua tano. Ile ya tano, iliyolia, wameikataa. Hawakusema maneno mengi, waliigusa tu, wakaiweka kando. Kwa hiyo sharti lako lilishinda, kama ulivyotaka.

Bwana wa lori alifika jana saa nne asubuhi. Nilikuwa nakereza pini ya toroli. Akasimama mlangoni akauliza fundi yuko wapi. Nikamwambia asubiri nimalize. Akasubiri. Nilipomaliza akaniuliza tena fundi yuko wapi, nikamwambia mmoja yuko hospitali na mwingine ndiye huyu unayemtazama. Akacheka, akadhani ni mzaha. Akasema mume wangu alimwahidi. Nikasema ni kweli, alikuahidi, na mimi ninayeitumia nakukatalia, samahani kwa safari. Akainama akaokota randa lililotoka sasa hivi kwenye mashine, likamuunguza, akalitupa, akapuliza vidole. Nilitaka kumpa maji nikakumbuka yaliyotupata, nikacheka mwenyewe kama mwehu. Akaondoka na lori lake tupu.

Sasa nisikilize. Umesema hutaki kukaa kitini ukisikia mashine mikononi mwangu. Nimekuelewa, na imeniuma kwa sababu ni kweli. Sitakwambia utazoea. Ila ile shafti ya tano sijaitupa. Nimeifunga tena kwenye taya, kama ilivyokuwa, na nitakayoitumia ni tuli ileile. Haitawashwa mpaka uje. Ukishafika nitaiwasha, italia, na utaniambia ni mluzi au ni wa kutetemesha, maana mimi nikiusikia nasikia kelele tu. Idara ya maji wameleta shafti nyingine kumi. Zikilia zote kumi nitafanya nini?

Karani ameniandikia kwa jicho lake jipya, mistari imenyooka kama reli, kwamba wanakuruhusu Jumatatu na atakuleta mwenyewe kwenye basi. Atapata kitanda na chai. Methali asinisomee.

Kiti chako nimekiweka kushoto kwa mashine, upande ambao cheche hazifiki. Mlangoni kuna kizingiti, umekisahau, inua mguu. Maji nimekutilia kwenye pipa, ni ya kuoga. Tuli yangu iko mezani inapoa yenyewe.

Mkeo,
Fundi Shoto